Jirani ana binti wa kazi, nimeambiwa niende kwa masista. Je, watambatiza?

"Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makorora, Tanga. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliletewa binti wa kazi mwaka jana, Mfungo Mosi. Wanasema ana miaka 16. Mimi nimezaa, najua mtoto wa miaka 13 anavyofanana. Ametoka Lushoto, upande wa Mlalo, kaletwa na mwanamke anayemwita shangazi, lakini nimekuja kujua hawana undugu hata wa mbali. Mshahara unatumwa kwa huyo shangazi kwa simu. Binti anaamka kabla ya adhana, analala baada ya wote, na hatoki ila kwenda dukani. Juzi ameniambia kwa furaha kwamba shangazi anamtengenezea paspoti, anakwenda Oman, na kwenye karatasi ameandikwa miaka 22. Shoga yangu Mkatoliki ameniambia niende kwa masista, wao wanashughulika na mabinti wa namna hiyo. Mume wangu amekataa. Anasema huo ni umbea, mama mzazi ameridhia, na masista watamchukua mtoto wa Kiislamu wambatize au wamfanye sista. Nifanye lipi lisilo na dhambi wala aibu?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na neno lililonikaa kooni si Oman wala masista. Ni lile "kwa furaha". Watu wengi wakisikia usafirishaji haramu wa binadamu wanamtafuta mtoto anayelia, aliyefungwa kamba, ndani ya lori usiku. Wakimwona binti anacheka na kuhesabu siku za kupanda ndege, wanajiambia hapa hakuna kitu. Katika miaka yangu ya ustawi wa jamii, Tanga na baadaye Bagamoyo, mabinti waliokuwa kwenye hatari kubwa kuliko wote niliwakuta na furaha hiyo hiyo. Walikuwa hawajafika bado.

Nianze na lenye haraka: paspoti. Mtoto wa miaka 13 akiandikwa 22, karatasi imeshamfanya mtu mzima. Akipatwa na janga huko Muscat, ubalozi utakuwa unamtazama mwanamke aliyekwenda kwa hiari yake kutafuta maisha. Kila mlango ambao sheria imemwekea mtoto unakuwa umefungwa na mkono wa aliyejaza fomu. Kwa hiyo hata kama hujaamua lolote kuhusu masista, kuhusu jirani, wala kuhusu maneno ya mumeo, jua kwamba kazi nyepesi ni ile inayofanyika kabla paspoti haijatoka. Ikishatoka, tutakuwa tunakimbizana na ndege.

Sasa hoja ya shemeji yangu, kwamba mama mzazi ameridhia. Simlaumu. Ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote, na inatoka kwa watu wazuri. Lakini sheria haikwenda huko. Mkataba wa kimataifa wa Palermo wa mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2006, unaangalia mambo matatu: kitendo, njia na lengo. Kitendo ni kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Njia ni vitisho, hadaa, nguvu, au kutumia unyonge wa mtu. Lengo ni kumtumikisha. Kwa mtu mzima unatafuta yote matatu. Kwa aliye chini ya miaka 18, njia haiulizwi kabisa. Hata kama hakudanganywa, hata kama alikuja anaimba, hata kama mama yake ndiye aliyemfungia mzigo, kikiwepo kitendo na likiwepo lengo la kumtumikisha, kosa limekamilika. Sheria yetu wenyewe ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008, inakwenda mbali zaidi: mwathirika akiwa mtoto, kosa linahesabiwa katika daraja la makosa makubwa zaidi.

Ridhaa ya mama wa Mlalo, basi, haifuti kitu. Na ukimuuliza huyo mama aliridhia nini, aghalabu atakwambia aliridhia mwanawe akasaidiwe kazi ndogo ndogo kwa mtu wa heshima, asomeshwe cherehani jioni, na kila mwezi apate hela ya mbolea. Hakuridhia umri wa 22. Hakuridhia Oman. Inawezekana hata neno Oman hajalisikia.

Kuna jambo lingine linalochanganywa sana, hasa huku kwetu mpakani. Mara kwa mara tunasikia vijana wa Kihabeshi wamekamatwa wakivushwa kuelekea kusini, na watu wanaita hiyo nayo usafirishaji haramu wa binadamu. Mara nyingi ni magendo ya wahamiaji: mtu amelipa avushwe mpaka, akishavuka biashara imekwisha. Biashara ya binadamu, ambayo ndiyo huo usafirishaji haramu wenyewe, haihitaji mpaka wowote. Kutoka Mlalo hadi Makorora panatosha. Tena sehemu kubwa ya inayotokea nchini mwetu ni hii ya ndani kwa ndani, ya basi la asubuhi kutoka milimani, na anayeifanya ni mtu anayeitwa shangazi, mama mdogo au dada. Neno la undugu ndilo linalofanya kazi ya kamba. Mtoto wa Kisambaa aliyelelewa vizuri hamhoji shangazi.

Nikueleze mtambo wenyewe unavyozunguka, maana ukiuelewa utajua pa kutia kijiti. Dalali anatoa hela mwanzo: nauli, viatu, ushungi mpya, kidogo cha mama mzazi. Hela hiyo inageuka deni bila kuandikwa popote. Mshahara unapita kwake "ili amtunzie". Binti hajui amepata ngapi wala amebakiza deni ngapi, na asiyejua hesabu hawezi kudai. Kisha anatengwa, si lazima kwa kufuli; inatosha kumwambia kwamba mjini watu wabaya, usiongee na majirani. Miezi ikipita, kazi ya kwanza inakuwa imemfundisha utii, na hapo ndipo inapokuja ahadi ya pili, kubwa zaidi, ya ng'ambo. Nyumba ya jirani yako, kwa lugha ya dalali, ilikuwa shule ya chekechea.

Hapa nimtetee jirani kidogo, ingawa hukuniuliza. Yawezekana analipa kila mwezi bila kukosa, na anaamini kwa dhati kwamba shangazi ni shangazi. Nimeshaona waajiri waliolia walipojua. Wapo pia waliojua tangu siku ya kwanza na wakaona ni rahisi kutojua. Wewe huwezi kubaini yuko upande gani kwa kuchungulia dirishani, wala si kazi yako. Ndiyo sababu nitakuomba chini huku usimkabili.

Haya, masista.

Shoga yako hakukosea. Mwaka 2009 umoja wa kimataifa wa wakuu wa mashirika ya kitawa ya kike, wenye makao yake Roma, ulianzisha mtandao wa masista dhidi ya biashara ya binadamu unaoitwa Talitha Kum. Jina limetoka katika Injili ya Marko, pale Nabii Issa, kwa maneno ya Wakristo wenzetu, anapomshika mkono binti aliyedhaniwa amekufa na kumwambia kwa Kiaramu: msichana, nakuambia, inuka. Leo mtandao huo una watu katika nchi zaidi ya 90. Usiufikirie kama shirika lenye magari na bunduki. Ni masista wa mashirika mbalimbali, kila mmoja akiwa na kazi yake ya shule au zahanati, waliokubaliana kupeana taarifa, kufundishana na kupokezana watu. Sista wa nchi moja anaweza kumpigia simu sista wa nchi nyingine akamuuliza: kuna binti wetu anakuja huko, hebu tazama. Hiyo ndiyo silaha yao, na usiidharau. Dalali naye anaishi kwa simu.

Wengi wao waliingia kazi hii bila kuipanga. Sista Eugenia Bonetti, Mwitaliano wa shirika la Consolata, alifanya utume Kenya kwa miaka 24 kabla hajarudi kwao. Mwaka 1993, mjini Turin, alikutana na mwanamke wa Kinigeria aliyekuwa anauzwa mwili barabarani, mgonjwa, anaomba msaada. Kutoka hapo hakurudi nyuma, akawa miongoni mwa sauti zinazosikika zaidi Ulaya katika jambo hili. Napenda habari yake kwa sababu moja: hakuanza na semina. Alianza na mwanamke mmoja aliyefika mlangoni. Nawe umeanza hivyo hivyo.

Lakini sasa hofu ya mumeo, ambayo siichukulii kama ujinga. Mimi ni Mwislamu kama ninyi, na siku ya kwanza niliyotumwa kufanya kazi na masista niliingia getini nikiwa na hofu hiyo hiyo. Ina mizizi. Ukienda Bagamoyo, ukapita ile njia ya miembe hadi misheni, utaambiwa kwamba mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, na kwamba kabla yao, mwaka 1860, masista kutoka kisiwa cha Réunion walishafika Unguja pamoja na padre wao. Wamisionari hao walinunua watumwa sokoni, wengi wao watoto, wakawaweka huru, wakawajengea kijiji cha uhuru. Na ndiyo, waliwabatiza, wakawalea kwa sheria kali na kazi nyingi za shamba. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa sana anataka nini. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Mambo hayo si ya zamani sana. Kuna bibi zetu waliokuwa wamezaliwa.

Nimekutajia hayo kwa makusudi, kwa sababu yana funzo ambalo masista wa leo wamelishika. Kumnunua mtu ili umkomboe kunamwacha huru huyo mmoja, lakini muuzaji anaondoka na fedha na kesho anakwenda kutafuta mwingine. Ndiyo maana leo ukimfuata sista ukamwambia shangazi anadai deni la laki nne, tumlipe amwachie binti, atakataa, na usimwone bahili. Nawe usilipe. Hata kama una dhahabu ya kuuza, usilipe.

Kuhusu ubatizo, nikupe mfano wa mtu, maana kanuni peke yake haitulizi moyo. Mtakatifu ambaye masista hawa wanamwomba katika jambo hili ni Josephine Bakhita, msichana wa Darfur, Sudan, aliyezaliwa karibu mwaka 1869. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa mara kadhaa, akaumizwa hadi akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina la watekaji. Ni Kiarabu, maana yake mwenye bahati, na sisi wa mwambao tunalisikia neno bahati ndani yake bila mkalimani. Ukatili wa jina hilo sijui kama Mzungu anaupata sawasawa. Alifikishwa Italia mwaka 1885, akawa yaya, na bibi aliyemmiliki aliposafiri akamwacha kwa masista Wakanosa wa Venezia. Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka.

Tazama masista walifanya nini. Hawakumficha darini. Hawakumlipa yule bibi. Mkuu wa nyumba alipeleka habari kwa wakubwa wa Kanisa na kwa mwendesha mashtaka wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba utumwa hautambuliwi katika sheria ya Italia, kwa hiyo Bakhita hakuwa mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Najua mumeo ataishika hiyo tarehe ya pili: si unaona, akabatizwa! Kweli. Lakini asome na ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka 20 hivi, ameshatangazwa huru, na mlango ulikuwa wazi. Alifariki tarehe 8 Februari 1947 akiwa sista, na tarehe hiyo tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki linaiadhimisha kama siku ya sala dhidi ya biashara ya binadamu. Mwaka huu ukisikia kengele za parokia na watoto wa shule wakiandamana mwezi wa pili, ndilo jambo lenyewe.

Sheria ya Kanisa lao inasema waziwazi kwamba haifai kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Na kuhusu kufanywa sista: hakuna msichana anayeweza kupokelewa unovisi, yaani kipindi cha majaribio ya utawa, kabla ya kutimiza miaka 17, wala kuweka nadhiri kabla ya 18, na hiyo ni baada ya yeye mwenyewe kuomba, kuchunguzwa, na mara nyingi kukataliwa. Mtoto wa Kiislamu wa miaka 13 aliyetoka mikononi mwa dalali hafanywi sista. Kwenye nyumba nilizozijua mimi, mabinti wa Kiislamu walifunga Ramadhani, walikula nyama ya kuchinjwa na Mwislamu, na ushungi wao ulikuwa shauri lao.

Hata hivyo, usiache kuuliza. Kilemba cha sista si leseni. Watu wenye nia mbaya wanaweza kujifunika kitambaa chochote, cha sista au cha ustadhati, na kisingizio cha kumpeleka binti "akasomee utawa" kinaweza kuwa chambo sawa na Oman. Watu wa dini, wa kwetu na wa kwao, wamewahi kupatikana na makosa dhidi ya watoto, na anayekwambia haiwezekani anakuongopea. Kwa hiyo: nyumba yoyote inayolaza watoto lazima iwe na kibali cha serikali kupitia Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mtoto anapelekwa huko kwa mkono wa afisa ustawi, si kwa mkono wa sista aliyekuja na pikipiki. Muulize sista shirika lake ni lipi, mama mkuu wao ni nani, paroko anamfahamu? Sista wa kweli hatakasirika. Atakuona mtu mwenye akili.

Jingine ambalo shoga yako pengine hakulisema: sista si polisi. Hana mamlaka ya kumtoa mtoto kwenye nyumba ya mtu, na akifanya hivyo mwenyewe anaweza kushtakiwa. Usiende kwake badala ya kwenda serikalini. Nenda kwake ili usiende serikalini peke yako. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwanamke mmoja wa Makorora akifika kaunta ya kituo na habari za hausigeli wa jirani, anaweza kuambiwa mambo ya majumbani mkamalizane. Akifika na sista anayejua jina la askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na ambaye atarudi wiki ijayo kuuliza faili limefika wapi, mazungumzo yanakuwa mengine. Subira ya masista ni kitu cha ajabu. Nimemwona mmoja akikaa kwenye benchi la ofisi moja siku tatu mfululizo akisali rozari, hadi afisa akachoka yeye.

Na kuna kazi moja wanayoiweza kuliko sisi wa serikali: kumtafuta mzazi. Parokia za milimani zina jumuiya ndogo ndogo hadi vitongojini. Ukimtajia sista jina la kijiji na jina la mwalimu mkuu, kabla ya wiki kwisha anaweza kuwa ameshaujua mlango wa nyumba, awe mwenye nyumba ni Mwislamu au Mkristo. Hilo lina uzito, kwa sababu kosa kubwa linalofanywa na wenye huruma ni kumkatia mtoto tiketi na kumrudisha kwao haraka. Ikiwa baba ndiye aliyepokea hela, au shangazi anaishi kitongoji hicho hicho, mwezi ujao binti atakuwa Dar es Salaam, na safari hii hatakuwa na jirani anayemwangalia. Kurudishwa nyumbani ni kuzuri pale tu mtu amefika kwanza akaona nyumba yenyewe ikoje. Nyumba salama nayo si pepo: binti anakaa na wageni, anasubiri kesi isiyokwisha, anawakumbuka wadogo zake. Nimeshaona waliotoroka nyumba salama wakarudi kazini kwa sababu kazini angalau walijua kesho itakuwaje.

Lipo na jambo ambalo linaweza kugeuza haya yote. Ikiwa itathibitika kwamba kweli ana miaka 16, sheria zetu zinaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya wala kumnyima elimu. Hapo kama suala ni mshahara na saa za kazi, njia ni afisa kazi, au chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, CHODAWU. Lakini hata akiwa na 16, kuamka kabla ya adhana na kulala wa mwisho si kazi nyepesi, na paspoti ya 22 ni kughushi tu, haina jina lingine. Na mtu mzima wa kweli anayetaka kwenda Oman kufanya kazi ana njia halali: wakala aliyesajiliwa, mkataba alioushika mkononi na kuuelewa, na taratibu za TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na za ubalozi. Siyo shangazi na bahasha.

Sasa wewe. Usimkabili jirani wala shangazi; ukifanya hivyo binti atahamishwa usiku huo huo, na utakuwa umemsaidia dalali. Usimfiche nyumbani kwako, hata kwa usiku mmoja, ila kama anapigwa au maisha yake yamo hatarini, na hapo piga 112 papo hapo. Usitume picha yake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Usimuulize kama anateswa, atasema hapana. Muulize yale asiyoona haya kuyajibu: shule gani umesoma, mwalimu wako nani, nani anakutunzia hela, mama unaongea naye lini. Andika tarehe na maneno yake kwenye daftari la watoto, ukurasa wa nyuma. Umri wake hautathibitishwa na macho yako, hata kama umezaa wanne. Utathibitishwa na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, au daftari la uandikishaji la shule ya msingi. Hilo la shule halipotei kirahisi, na dalali huwa halikumbuki.

Kisha toa taarifa ndani ya siku chache hizi. Namba ya simu ya watoto ni 116, haina malipo, na huhitaji kuonekana sura. Ukiweza kwenda kwa miguu, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya jiji au Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na sema wazi neno paspoti na neno Oman mwanzoni kabisa, usiyaache mwishoni kama tunavyozoea kuacha neno lenyewe hadi tumekunywa chai. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kusaidia, lakini mpime kwanza. Kama anakula meza moja na jirani, mruke.

Mwambie mumeo hivi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii aliye na habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya eneo lake. Umbea ni kumpelekea mtu habari zisizomhusu. Hii unampelekea yule inayemhusu. Kama bado moyo wake mzito kuhusu masista, aende naye akamwone sista mwenyewe, baraza la parokia halina pazia. Au mwanze na 116 na ustawi, masista waje baadaye. Mlango wowote kati ya hiyo ni halali, ila mmoja wapo lazima mwingie.

Sitakuficha kwamba mambo yanaweza yasikuendee vizuri. Kesi hizi hufa mara nyingi, kwa sababu familia mbili zinakaa chini, mbuzi anachinjwa, shahidi anasafiri. Jirani anaweza kukununia miaka. Binti mwenyewe anaweza kukuchukia, kwa kuwa machoni pake umemnyang'anya ndege. Nilitukanwa na binti mmoja pale Bagamoyo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na alikuwa na kila sababu. Alikuwa ameshawaahidi wadogo zake viatu.

Kesho akija dukani mnunulie kashata, muulize jina la shule yake. Jina la shule tu, mengine yaache.